Sikutaka Kujua: Corona, Kikohozi Changu na Amri ya Upendo



Wapendwa vijana wenzangu, najua ukiliona neno "corona" siku hizi kidole kinataka kupitisha haraka. Tumechoka. Barakoa zimelala kwenye droo, zile ndoo za maji tiririka za mlangoni pa kanisa sasa zinamwagilia maua, na kwenye salamu ya amani tumerudi kupeana mikono. Hata mimi nimechoka. Ila kuna jambo nimelibeba tangu Januari 2021. Nimelipeleka kwenye kitubio, nimelipeleka darasani kwenye somo la maadili, na bado halijanitoka. Leo naomba nilisimulie, halafu tutafakari pamoja swali moja: je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo hakulijua? Na ikiwa hakulijua kwa sababu hakutaka kulijua?

Bibi wa jumuiya yetu

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Likizo ya Noeli nilisafiri kwa basi kwenda nyumbani, mkoani Morogoro. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, watu wanakohoa mbele na nyuma. Siku chache baada ya kufika nikaanza mafua. Koo likawasha, mwili ukauma, na asubuhi moja mama akaniletea chai ya tangawizi. Nikainusa, sikusikia harufu yoyote. Nikadhani ameisahau tangawizi. Nikaangalia ndani ya kikombe, vipande vilikuwa vinaelea.

Naomba ukikumbuke hicho kikombe. Kwa sababu nilikuwa na simu, nilikuwa nasoma habari, nilijua kabisa kupoteza harufu ni dalili ya nini. Lakini nilijiambia, "Ni mafua tu. Kila mtu ana mafua." Nikajifukiza nyungu mara mbili, nikanywa malimao, nikapata nafuu kidogo. Sikumwambia mtu habari ya ile chai.

Wiki ya Tokeo la Bwana nikaenda kumsalimia bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Si bibi yangu wa damu, lakini ndiye aliyenifundisha Rozari nikiwa darasa la pili, na ndiye aliyeniuzia kuku wake wawili ili nipate nauli ya kwenda seminari ya awali. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na masikio yalikuwa yameanza kumkataa. Aliponiona akafurahi mno. "Frateri wangu umekuja!" Nikakaa kwenye kigoda mbali kidogo. Akasema, "Sogea baba, sikusikii." Nikasogea. Akasema tena, "Sogea." Nikakaa karibu kabisa na sikio lake, ndani ya chumba chenye kidirisha kimoja, tukasali Rozari nzima, na mwisho akaniomba nimwimbie wimbo wa Noeli. Nikaimba. Katikati nikakohoa, nikaendelea.

Mwisho wa Januari nilikuwa nimesharudi seminari. Mama akapiga simu. Bibi amefariki, alisema, alipata "changamoto ya upumuaji". Mnaokumbuka miezi ile mnalikumbuka neno hilo. Ndilo tulilokuwa tunalitumia wote, kwenye matangazo ya misiba na kwenye simu, kwa sababu lile neno lingine lilikuwa halisemeki.

Je, ni mimi niliyempelekea? Sijui. Sikupima. Yeye naye hakupimwa. Inawezekana alipata kwa mtu mwingine sokoni, kanisani, popote. Inawezekana haikuwa corona kabisa. Sitajua mpaka siku nitakapokutana naye mbele ya Mungu. Na hapo ndipo palipo na uzito wa habari yote: kutojua kwangu hakukunishukia tu kama mvua. Nilikutengeneza mwenyewe.

Kutojua kuna aina zake

Darasani tulifundishwa kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino anatenganisha aina za kutojua. Kuna kutojua ambako mtu hana namna ya kukushinda: umempa mgeni maji ya kisima, na kisima kimeingiwa sumu usiku, wewe ungejuaje? Hapo huna lawama. Kuna kutojua kwa uzembe: ungeweza kujua, ulipaswa kujua, ila hukujishughulisha. Hapo lawama ipo. Na kuna kutojua kwa tatu, ambako kwa Kilatini kunaitwa *ignorantia affectata*, kutojua kunakotakwa. Mtu anaona dalili, anahisi ukweli uko nyuma ya mlango, na anaamua kutoufungua mlango ili aendelee kufanya anachotaka. Huyu, anasema Thoma, hajapunguza hiari ya tendo lake. Kutojua kwake kwenyewe amekutaka.

Mfano wetu wa nyumbani ni dereva wa daladala anayesikia breki zinalia. Akishuka na kuangalia, atalazimika kulipeleka gari gereji na kukosa hesabu ya tajiri. Basi anaongeza sauti ya redio. Gari likija kugonga atasema, "Sikujua breki zimekufa." Ni kweli hakujua. Lakini redio aliiongeza nani?

Mimi kile kikombe cha chai kilikuwa breki zangu. Na wimbo wa Noeli ulikuwa redio.

Nilipokwenda kuungama, padre alinisikiliza kwa muda mrefu. Nilitaka aniambie moja kati ya mawili: kwamba nimeua, au kwamba sina kosa. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Alisema, "Mwanangu, huwezi kutubu usichokijua. Tubu ulichokataa kukijua." Halafu akanipa malipizi.

Nchi nayo iliongeza sauti ya redio

Sasa, ndugu zangu, siwezi kusimulia kosa langu kana kwamba nilikuwa peke yangu kisiwani. Takwimu za mwisho za kitaifa tulizopewa mwaka 2020 zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo hesabu zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima. Juni 2020 Rais John Magufuli alitangaza kwamba kwa maombi Mungu ameiondoa corona nchini. Januari 2021 alionya kuhusu chanjo za kutoka nje.

Nataka kuwa mwenye haki hapa. Uamuzi wa kutofunga nchi ulikuwa na hoja nzito nyuma yake. Mama anayeuza vitumbua asubuhi ndipo watoto wale jioni, ukimwambia akae ndani wiki sita umemwambia nini? Watu wema wanaweza kutofautiana katika hilo. Lakini kutofunga ni jambo moja na kutohesabu ni jambo lingine. Unaweza kumwacha mtu atembee huku ukimwambia ukweli wa barabara. Ukimficha shimo, hujampa uhuru.

Maaskofu wetu waliliona hilo. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuonya juu ya wimbi jipya, likikumbusha kwamba nchi yetu si kisiwa, na kwamba sala na tahadhari vinakwenda pamoja. Mwanzoni mwa Machi, Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili hivi mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, na akataja matatizo ya kupumua. Nakumbuka jioni ile tulikaa kimya mezani. Baadhi ya waliofariki walikuwa wametufundisha.

Baadaye mambo yalibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, Julai 2021 zikafika dozi 1,058,400 kupitia mpango wa COVAX, na tarehe 28 Julai yeye mwenyewe akachanjwa hadharani. Dozi milioni moja kwa nchi ya watu karibu milioni 60. Na hapo kuna dhambi nyingine ambayo si yetu: nchi tajiri zilikuwa zimenunua chanjo nyingi kuliko idadi ya watu wao, na maskini wakaambiwa wasubiri foleni. Wao nao waliona jeraha letu wakapita upande wa pili wa barabara.

Mnamkumbuka yule kuhani na yule Mlawi katika mfano wa Msamaria Mwema, Luka 10. Mimi zamani nilidhani dhambi yao ni kutosaidia. Siku hizi naona ilianza kabla ya hapo. Walipita upande wa pili. Kwa nini mtu avuke barabara? Kwa sababu ukipita karibu utajua kama anapumua au hapumui, na ukishajua huwezi tena kuendelea na safari yako kwa raha. Msamaria yeye alisogea. Huruma yake ilianza na kukubali kujua.

"Lakini Frateri, imani iko wapi?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa VIWAWA. Wengi wetu wakati wa corona tuliisali Zaburi ya 91, ile inayozungumzia ulinzi wa Mungu dhidi ya tauni. Ni zaburi nzuri, naisali mpaka leo. Lakini je, umewahi kugundua kwamba shetani alipomjaribu Yesu juu ya kinara cha hekalu, Mathayo 4, zaburi aliyoitumia ni hiyohiyo? Alimwambia ajitupe chini, kwa sababu malaika watamdaka. Na Yesu alikataa. Hakusema zaburi ni ya uongo. Alisema kwamba Mungu hajaribiwi.

Kumbe maneno yaleyale yanaweza kuwa sala au yanaweza kuwa majaribu. Tofauti iko wapi? Ukiwa kitandani unapumua kwa shida na umeshafanya uliloweza, Zaburi 91 ni sala. Ukiwa na kikohozi na unakwenda kumkumbatia mgonjwa wa sukari, halafu unasema "Mungu atamlinda", umempandisha mwenzako kwenye kinara cha hekalu na kumsukuma. Hata hukujitupa wewe!

Hapa watu huwa wananitajia watakatifu waliohudumia wagonjwa bila woga. Vizuri, tuwaangalie. Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wa vijana, alikuwa bado katika malezi ya upadre, kama mimi, alipoanza kuwabeba wagonjwa wa tauni mjini Roma. Akaambukizwa, akafa Juni 1591 akiwa na miaka 23. Mtakatifu Karoli Borromeo, askofu mkuu wa Milano, mwaka 1576 tauni ilipoingia na wakubwa wa mji wakakimbia, yeye alibaki. Lakini mnajua alifanya nini? Aliweka altare mitaani na njia panda ili watu waliofungiwa wafuate Misa kutoka madirishani mwao. Hakuwakusanya kanisani ili kuonyesha imani.

Nimejifunza hivi kutoka kwao: ujasiri ni kubeba hatari mimi mwenyewe kwa ajili ya mwingine. Kumbebesha mwingine hatari bila hata kumwambia, huo si ujasiri, hata kama ninafanya hivyo nikiimba wimbo wa dini.

Watu waliotaka kujua

Kinyume cha kutojua kwa makusudi ni kazi ngumu ya kutafuta kujua. Kwangu mimi utafiti wa chanjo umekuwa shule ya kiroho, na sisemi hivyo kwa utani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuambia tumheshimu tabibu, kwa sababu Mungu ndiye aliyemuumba na dawa ameitoa katika ardhi. Mwenye busara haidharau.

Mwangalie Katalin Karikó, mwanamke kutoka Hungaria aliyehamia Marekani. Miaka na miaka aliifanyia kazi mRNA, ule ujumbe unaoziambia seli zetu zitengeneze protini gani, wakati wengi waliona ni kupoteza muda. Alinyimwa fedha za utafiti, alishushwa cheo. Pamoja na mwenzake Drew Weissman, mwaka 2005 walichapisha njia ya kuubadilisha ujumbe huo ili mwili usiukatae. Miaka 15 baadaye kazi hiyo ikawa msingi wa chanjo zilizookoa watu wasiohesabika, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel. Na si Wazungu peke yao. Jirani zetu pale Kilifi, pwani ya Kenya, watu walijitolea kuchanjwa katika majaribio ya chanjo ya Oxford tangu mwishoni mwa 2020. Kule Cape Town, kampuni ya Afrigen ilianza kutengeneza chanjo ya mRNA ili Afrika siku nyingine isisubiri makombo.

Chanjo hizi si ukuta wa zege. Tuseme ukweli: zinazuia vizuri ugonjwa mkali na kifo, lakini kuzuia maambukizi ni kwa kiasi, na kinga inapungua kadiri muda unavyopita na kirusi kinavyojibadili. Ndiyo maana utafiti unaendelea, pamoja na wa chanjo za kupulizwa puani, pale kirusi kinapoingilia. Mwenye dhamiri iliyosumbuka kuhusu mistari ya seli iliyotumika katika baadhi ya chanjo, Kanisa lilimjibu tayari tarehe 21 Desemba 2020: pasipokuwa na chanjo nyingine isiyo na doa, inaruhusiwa kimaadili kuzitumia, bila kuwa tumekubali utoaji mimba. Kanisa lilisema pia kwamba chanjo iwe ya hiari, lakini asiyechanjwa ana wajibu wa kujitahidi asiwe njia ya kuwaambukiza wengine, hasa wanyonge. Agosti 2021, hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliita kuchanjwa tendo la upendo.

Kwa bahati mbaya, redio inaongezwa sauti tena, safari hii huko mbali. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha miradi 22 ya chanjo za mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Tulizoea kusema wao wana kila kitu, kumbe na wao wanaweza kuchoka kujua. Na wakichoka wao, wa kwanza kuumia hatakuwa seneta wa Washington. Atakuwa ni bibi mwingine, katika chumba chenye kidirisha kimoja.

Kwa nini niandike leo?

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa. Wengi tulisikia "corona imeisha". Haikusemwa hivyo. Ilisemwa dharura imeisha. Kirusi kipo, kinazunguka, kinajibadili. Kwa wewe na mimi wenye miaka ishirini na kitu, mara nyingi ni siku tatu za mafua. Kwa mzee, kwa mgonjwa wa sukari, kwa mtoto mwenye seli mundu, kwa aliye kwenye matibabu ya saratani, habari ni nyingine. Na Shirika hilo linakadiria kwamba takriban watu 6 kati ya 100 wanaoambukizwa hubaki na dalili kwa muda mrefu: uchovu usioisha, pumzi fupi, kichwa kisichoshika mambo. Baadhi yao wako kwenye kwaya zetu na tunawaita wavivu.

Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorinto kuhusu nyama zilizotolewa kwa sanamu. Wenye nguvu walikuwa na uhuru wa kula, na Paulo alikubali wanao. Lakini akasema kama chakula chake kitamkwaza ndugu aliye dhaifu, yeye hatakula nyama milele. Angalia kipimo chake. Hakuuliza, "Jambo hili litanidhuru mimi?" Aliuliza litamfanya nini aliye dhaifu. Sisi vijana tumezoea kupima hatari kwa mwili wetu wenyewe. Injili inatutaka tuipime kwa mwili wa aliye dhaifu kuliko wote chumbani.

Na wajibu huu hausubiri tamko la wizara. Viongozi wakinyamaza, wamekosea wao kwa nafasi yao, na tuna haki ya kudai takwimu, vipimo na chanjo kwa ajili ya wanyonge. Lakini ukimya wao hauwezi kuwa kisingizio changu. Mimi sikuhitaji serikali iniambie kwamba chai haina harufu.

Mwaka jana tulipatwa na wimbi la mafua hapa seminarini, na ilikuwa zamu yangu kumsindikiza padre kwa wagonjwa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Asubuhi niliamka koo linawasha. Nilisimama dakika nyingi mbele ya kioo nikisikia ile sauti ya zamani: ni mafua tu. Nikaenda kwa mlezi wangu nikamwambia, "Padre, sijui nina nini, ila ninakohoa. Naomba mwenzangu aende." Wenzangu walinitania siku nzima, "Frateri bado uko 2020!" Nilicheka nao. Iliniuma kidogo pia, sikatai.

Chini ya mwembe

Nimalizie na hili. Likizo iliyopita nilikwenda kwa binti wa yule bibi. Miaka yote nilikuwa nikipita mbele ya nyumba yao nikisalimia kwa mbali, na yeye alidhani Frateri ameanza kuringa. Nikamsimulia yote: mafua, chai, kukohoa katikati ya wimbo. Nilitegemea anifukuze, au aniambie, "Usijali, ilikuwa siku yake." Ndivyo watu wengi wanavyosema.

Alinyamaza kwanza. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Frateri, wakati ule wote tulikuwa tunakohoa. Hata mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja." Akanyamaza tena. "Lakini ungesema tu. Tungetoa mkeka, tungekaa nje, chini ya mwembe. Mama alikuwa anaupenda mwembe wake."

Basi. Hiyo ndiyo gharama ambayo ukweli ungetudai: mkeka. Pengine ningeimba kwa sauti kubwa zaidi, akanisikia kutoka mbali, na majirani nao wakasikia. Nilikwepa kujua kana kwamba ukweli ungeninyang'anya Noeli nzima, kumbe ungetuhamisha hatua kumi tu kutoka chumbani hadi kivulini.

Alinisamehe? Alinipa debe dogo la mchele nipeleke seminari. Kwetu hilo ni jibu.

Vijana wenzangu, sikuombi uishi kwa hofu wala ujifungie ndani. Nakuomba ukubali kujua. Ukikohoa, sema kabla hujaingia nyumba ya mzee. Fungua madirisha, au kaeni nje. Vaa barakoa kwa mgonjwa bila aibu. Kipimo kikipatikana, pima. Waulizie wazazi na babu zako kwenye kituo cha afya kama kuna chanjo inayowafaa. Ukiwa mgonjwa Jumapili, baki nyumbani na usali. Amri ya Kanisa haimlazimishi mgonjwa. Na anayekuambia bado anaumwa miaka mingi baada ya corona, msikilize mpaka mwisho.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyeukaribia ukoma kwa mkono wako na hukuona kinyaa, utusamehe kwa yote tuliyokataa kuyajua. Uwape pumziko la milele mapadre, masista, mabibi na mababu waliotutoka katika miezi ile, hata wale ambao vifo vyao havikuhesabiwa na mtu yeyote. Wape watafiti uvumilivu, wape viongozi wetu moyo wa ukweli, wape wagonjwa wa muda mrefu mtu wa kuwaamini. Na sisi vijana, utupe macho yanayokubali kuona na miguu inayosogea karibu kwa upendo, au inayorudi nyuma hatua kumi, pia kwa upendo. Amina.

Maswali ya tafakari

1. Ni "kikombe cha chai" gani katika maisha yangu, yaani dalili ninayoiona na kujifanya siioni? Si lazima iwe ya afya.
2. Katika familia au jumuiya yangu, nani ni dhaifu kuliko wote chumbani? Nimewahi kumuuliza anahitaji nini ili awe salama nikija kumtembelea?
3. Lini nimetumia neno la Mungu kama sala, na lini nimelitumia kama kisingizio?

Nyumbani mwenu msalimieni bibi. Kaeni naye chini ya mwembe.